Siku 1,005: Mazingiwa ya Ngome ya Mombasa (1696–1698), Unguja ya Mwana Fatuma, na Askari wa Leo



Nilipoombwa nizungumze juu ya vita katika mfululizo wa mihadhara ya taaluma za Kiswahili, rafiki yangu mmoja alinitania kwamba mwalimu wa lugha hajui hata upande upi wa bunduki unaotoa risasi. Sikubishana naye. Hata hivyo, bunduki, baruti na risasi ni maneno, na maneno ndiyo kazi yangu. Hayo matatu yametufikia kwa njia ya Kiarabu. Bendera na bomba tumeachiwa na Wareno. Manowari tumeletewa na Waingereza. Mtu anayetaka kujua ni nani waliokuja na silaha katika mwambao huu, na kwa mpangilio gani, anaweza kuanza na kamusi kabla hajafika kwenye nyaraka.

Basi nami nitaanza na neno moja, ambalo kila siku tunapita mbele ya jengo lake.

Neno na jengo

Anayetoka Forodhani akaipa bahari mgongo huiona Ngome Kongwe, na pembeni yake Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Vijana wengi huijua Ngome kwa matamasha ya filamu na muziki. Wazee waliijua kwa mambo mengine: palikuwapo karakana ya reli ya Bububu, na baadaye klabu ya wanawake. Nyuma zaidi, katika karne ya 19, palikuwa mahali pa askari na mahali pa kufungia watu. Na nyuma kabisa, kabla ya ukuta wa ngome kuinuliwa, palikuwa na kanisa la Wareno lililojengwa kati ya mwaka 1598 na 1612, ambalo mabaki yake yamo ndani ya ukuta huo mpaka leo.

Kanisa kwa Kireno ni igreja. Wanaisimu wengi wanakubaliana kwamba humo ndimo lilimozaliwa neno letu gereza. Fikirini safari ya neno hili: lilianza kwa kutaja nyumba ya ibada ya wageni, likageuka kuwa jina la jengo la mawe lenye kuta nene, kisha jina la ngome, na mwisho likabaki kuwa jina la mahali pa kufungia watu. Mombasa nako safari ilikuwa hiyo hiyo, kwani Ngome ya Yesu ilitumiwa na serikali ya kikoloni kuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Ni nadra historia ya neno kukaa juu ya kiwanja kimoja namna hii, mtu akaweza kuigusa kwa mkono.

Ngome yetu hii ya Unguja ilijengwa na Waomani baada ya kuitwaa Mombasa mwezi wa Disemba 1698. Kwa hiyo haiwezi kuelezwa bila ya Mombasa. Ni mtoto wa mazingiwa yaliyodumu miezi thelathini na tatu katika mji mwingine, na ambayo Unguja ilishiriki kwa namna ambayo mpaka leo hatuipendi kuizungumza.

Habari ya mazingiwa

Ngome ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliani aliyekuwa katika utumishi wa mfalme wa Ureno. Ilisimamishwa juu ya mwamba wa matumbawe mdomoni mwa bandari, ikiwa na minara mipana ya pembeni iliyokusudiwa kuhimili mizinga. Karne nzima iliyofuata, aliyekuwa nayo alijihesabu kuwa ana mwambao. Mwaka 1631 mtawala wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimlea na kumbatiza kwa jina la Jerónimo, aliingia humo akamuua kapteni na kuitwaa. Mwaka uliofuata Wareno walikuja kuizingira wakashindwa, naye akaondoka kwa hiari yake. Lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Tarehe 13 Machi 1696 jahazi za Imamu Saif bin Sultan wa Oman ziliingia Mombasa. Zilikuja mwishoni mwa kaskazi, na jambo hili si dogo. Katika bahari yetu upepo ndio ulikuwa kalenda ya vita. Kaskazi huleta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi huvipandisha vile vinavyotoka Msumbiji, Kilwa na Unguja. Aliyezingirwa Mombasa alijua ni miezi ipi atazame upeo wa kaskazini na ni miezi ipi atazame wa kusini. Na aliyemzingira alijua hayo hayo.

Ndani ya ngome askari Wareno hawakuzidi sabini, na wengine husema walikuwa hamsini tu. Pamoja nao waliingia Waswahili wapatao 2,500, wanaume, wanawake na watoto, waliokuwa upande wa Wareno au walioogopa kubaki mjini. Naomba tusizipite nambari hizi mbio. Vitabu vingi huita tukio hili vita baina ya Wareno na Waarabu. Lakini kwa kila Mreno mmoja aliyekuwa nyuma ya ukuta, walikuwamo wenyeji zaidi ya thelathini. Na nje ya ukuta, pamoja na Waomani, walikuwapo watu wa Mombasa na washirika wao wa Pate, ambao walichoshwa na Wareno na walikuwa na sababu. Mwaka 1678 Wareno waliishambulia Pate wakawaua watawala wake. Mtoto aliyeshuhudia hayo akiwa na miaka kumi alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane mizinga ilipoanza kulia Mombasa.

Kapteni João Rodrigues Leão alifariki humo ngomeni mwezi wa Oktoba 1696, na uongozi ukamwangukia António Mogo de Melo. Siku ya Krismasi ya mwaka huo zilifika merikebu za msaada kutoka Goa. Walioziona wakidhani mambo yamekwisha walikosea, kwa sababu mwanzoni mwa 1697 yalizuka maradhi ya kuambukiza, na maradhi yakaua wengi kuliko mizinga. Watu walirundikana katika ua mmoja, wazima na wagonjwa na maiti, jua la Mombasa juu yao. Mwezi wa Agosti 1697 Mogo de Melo naye alikufa. Hakubaki Mreno hata mmoja wa kuongoza.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Aliyeshika uongozi wa ngome ni Bwana Daud, mwana wa ukoo uliotawala Faza. Alikuwa na jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8, na wanawake Waafrika 50. Jumla yao, pamoja naye, ni watu 76, na thuluthi mbili yao ni wanawake. Watu hao waliishikilia ngome kubwa kuliko zote za mwambao mpaka msaada ulipofika katikati ya Septemba. Waomani walikuwa hatua chache kutoka hapo, na ukuta uliotengenezwa kulindwa na mamia ulilindwa na watu ambao wangeenea katika darasa moja la skuli.

Kwa nini Faza? Mwanzoni mwa 1587 jeshi la Wareno liliiteketeza Faza na kuwaua watu wake. Baada ya miaka mia moja na kumi, mwana wa mji ule ule ndiye wa mwisho kuiacha bendera ya Ureno. Anayetafuta uzalendo au usaliti katika jambo hili atapotea njia. Faza na Pate ni miji miwili ya kisiwa kimoja, na uhasama wao ni wa zamani. Pate ilipomwelekea Imamu, Faza ilibaki upande wa pili. Wakubwa wa bahari walidhani wanawatumia wenyeji. Wenyeji nao walikuwa wakiwatumia wakubwa kumalizia ugomvi wao wa kisimani. Tusiisome vita hii kwa miwani ya 1964, wala kwa miwani ya vyama. Haitusomeki.

Msafara wa Septemba 1697 ulikuja na jeshi jipya, na pamoja nao merikebu ya kivita iliyoitwa Santo António de Taná. Mwezi uliofuata ilizama chini ya ngome yenyewe, na huko ikabaki mpaka wapigambizi wa akiolojia walipoichunguza kati ya 1977 na 1980. Vitu vilivyotolewa humo vimo katika makumbusho ya Ngome ya Yesu. Walioachwa ngomeni wakaendelea kupungua mmoja mmoja. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Disemba 1698, siku ya 1,005, Waomani walipanda ukuta. Ndani walimkuta kapteni Leandro Barbosa Soutomaior, askari tisa na padri mmoja.

Siku saba baadaye, tarehe 20 Disemba, merikebu za msaada kutoka Goa zilitokeza mdomoni mwa bandari. Zikaiona bendera iliyopepea juu ya ngome, zikageuza tanga.

Katika Kiswahili tunalo neno nusura. Lina maana ya msaada unaomwokoa mtu, na umbo hilo hilo tunalitumia kusema jambo lilikaribia kutokea likakosa: nusura aanguke, nusura wafike. Kila ninaposomesha neno hili naikumbuka tarehe 20 Disemba 1698.

Unguja na Mwana Fatuma

Nilisema kwamba Unguja ilishiriki. Mtawala wa kisiwa hiki wakati huo alikuwa mwanamke, Mwana Fatuma, ambaye makazi yake inasemekana yalikuwa mahali ilipo Beit al-Ajaib, hatua chache kutoka kwenye kanisa nililolitaja. Yeye alikuwa upande wa Wareno, na ndiye aliyetuma vyakula Mombasa kuwasaidia waliozingirwa. Baada ya ngome kuanguka Waomani walimshika wakampeleka Maskati, akakaa huko kiasi cha miaka kumi kabla ya kuruhusiwa kurejea.

Katika mazungumzo ya barazani nimesikia akiitwa msaliti. Nimesikia pia vijana wakimfanya shujaa wa wanawake, jambo ambalo ni zuri kwa mabango lakini halimwelezi. Anayetaka kumwelewa arudi nyuma miaka arubaini na minne. Mwaka 1652 Waomani waliwashambulia Wareno waliokuwa Unguja, na mtawala wa hapa wakati huo, Mwana Mwema, alikuwa pamoja nao. Waomani wakarudi kwao. Mwaka uliofuata akaja Francisco de Seixas Cabreira kutoka Mombasa, akauadhibu mji na kumfukuza Mwana Mwema kisiwani. Waliomtia moyo hawakuwapo siku ya malipo.

Mwana Fatuma alirithi kisiwa chenye kumbukumbu hiyo. Mwaka 1696 aliziona jahazi za Imamu kwa jicho la mtu aliyekwisha kuambiwa na mama zake kwamba jahazi huja na kaskazi na kuondoka na kusi, na anayebaki ni wewe na jirani yako mwenye mizinga. Alikosea hesabu, safari hii Waomani walikuja kukaa. Lakini ilikuwa hesabu ya mtawala, na mtu anayemhukumu aseme kwanza yeye angefanya nini akiwa na kisiwa kisicho na ngome, kati ya madola mawili yenye merikebu.

Nafaka ile ya Unguja, kwa maoni yangu, ndiyo kiini cha mkasa wote. Turuke miaka thelathini. Mwezi wa Machi 1728, Waomani wakiwa wamegombana wao kwa wao, Wareno walirudi Mombasa wakaipata tena ngome, na baadhi ya wenyeji waliwapokea. Haukupita muda wakaanza jeuri zao. Mwezi wa Aprili 1729 watu wa Mombasa wenyewe waliinuka wakawahusuru, na mwezi wa Novemba Wareno walisalimu amri kwa njaa. Ukuta ulikuwa ule ule wa Cairati, na mwamba ni ule ule, na chini ya ukuta bahari haikuongezeka wala kupungua. Mara ya kwanza ngome ilisimama miezi thelathini na tatu. Mara ya pili haikufika miezi minane. Kilichobadilika ni kwamba mara ya kwanza Faza ilikuwamo ndani na Unguja ilikuwa ikileta chakula, na mara ya pili urafiki na miji ya mwambao ulikuwa umekwisha kuvunjika.

Kuzingira, kuhusuru, na ukimya

Lugha yetu ina vitenzi viwili kwa jambo hili. Kuzingira ni neno la kawaida: nyuki humzingira mtu, na maji huizingira nyumba. Kuhusuru ni neno la vita, lililotoka katika Kiarabu, na hutumika kwa mji au ngome iliyokatiwa njia. Wanafunzi wangu mara nyingi hudhani linahusiana na hasara. Sivyo; katika Kiarabu asili ni mbili tofauti, moja kwa hee na swadi, nyingine kwa khee na sini. Ila masikio ya Mswahili yameyaweka jirani, na sioni kwamba yamefanya kosa kubwa.

Maneno tunayo, lakini masimulizi yenyewe je? Habari za siku 1,005 tunazisoma katika nyaraka za Wareno zilizohifadhiwa Goa na Lisbon, na katika vitabu vya wageni waliozichambua, tangu Justus Strandes mwaka 1899 hadi Charles Boxer na Carlos de Azevedo mwaka 1960. James Kirkman aliichimba ngome yenyewe kuanzia 1958. Utenzi wa Kiswahili wa zama zile unaomtaja Bwana Daud haukutufikia. Wanawake hamsini wametufikia wakiwa nambari, bila ya jina hata moja.

Wala si kwamba washairi hawakuwapo, au kwamba hawakupenda vita. Nuskha ya Utenzi wa Tambuka iliandikwa Pate mwaka 1728, mwaka ule ule Wareno waliporudi Mombasa. Mwengo bin Athuman aliandika habari ya vita vya Tabuki na Kaisari Herekali wa Rumi, vita vya mbali kwa njia na kwa karne. Wataalamu wameutazama utenzi huo kwa asili zake za Kiarabu, na wamefanya vyema. Mimi naona inafaa tuusome pia kama utenzi ulioandikwa katika mji uliotoka kupigana, kwa wasikilizaji waliojua harufu ya baruti. Hiyo ni dhana yangu, na yupo mwanafunzi humu ndani ambaye ameniahidi kuipinga.

Ukimya huu umeleta madhara mengine. Anayekwenda Nungwi kwa njia ya Fukuchani ataonyeshwa magofu ya mawe yanayoitwa nyumba za Wareno, na kule Mvuleni vivyo hivyo. Wanaakiolojia wanaona kwamba ni kazi ya Waswahili wa karne ya 16, wenye mali na wenye hofu, waliojijengea kuta zenye matundu ya kuchungulia. Tumeshindwa kuamini kwamba wazee wetu wangeweza kujenga na kujilinda, tukawapa wageni hata nyumba. Ndivyo tulivyofanya na ngome ya Mombasa pia: tumewapa Wareno ulinzi ambao, katika wiki zake ngumu kuliko zote, haukuwa wao.

Iko nuru kidogo. Barua za Kilwa za mwaka 1711, zinazotajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yanayojulikana, ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu kuwaelekea Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Zilihifadhiwa Goa. Ni miaka kumi na mitatu tu baada ya kuanguka kwa ngome, na wenyeji wa mwambao bado walikuwa wakiwaandikia walioshindwa, wakipima upepo. Maandishi ya lugha yetu, kwa kadiri yalivyosalia, yanatuanzia katika kivuli cha mazingiwa haya.

Kwa maofisa mliopo

Sasa nawageukia wageni wetu. Sitathubutu kuwafundisha kazi yenu. Nitasema lile ambalo msomaji wa nyaraka analiona.

Tarehe 7 Disemba 2017, katika kituo cha Semuliki, wilaya ya Beni, mashariki ya Kongo, walinda amani wa Tanzania walishambuliwa na kuzungukwa kwa saa nyingi. Waliuawa 15, na wengine zaidi ya arubaini walijeruhiwa. Watu wao wapo visiwani na bara, na huenda baadhi yao wamo ukumbini humu; nawaombea marehemu rehema na waliobaki subira. Uchunguzi maalumu wa Umoja wa Mataifa ulitoa matokeo yake mwaka 2018. Ulieleza kwamba hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwapelekea nguvu waliozingirwa au kuwatoa, na kwamba kulikuwa na upungufu katika uongozi, katika usafiri wa anga, katika uhandisi na katika taarifa za kijasusi.

Nilipoyasoma maneno yale niliiona bandari ya Mombasa. Waliokuwa Semuliki hawakushindwa kupigana, kama vile Bwana Daud hakushindwa. Lililokosekana lilikuwa nje ya ukuta, mikononi mwa watu waliokuwa salama, wenye meza na ramani. Goa ilikuwa na merikebu. Ilikuwa pia na mabishano ya fedha, na makapteni waliopenda zaidi biashara, na msimu wa upepo uliokuwa ukipita. Anayetumwa kukaa katika kituo cha mbali ana haki ya kujua, kabla hajaondoka nyumbani, ni nani atakayemfikia, kwa njia ipi, na katika saa ngapi. Jibu hilo likiandikwa baada ya mizinga kuanza, huwa limeandikwa na waliokwisha kuchelewa.

Mwezi wa Januari 2025 mji wa Goma ulitekwa na M23, na vikosi vya SADC vilivyokuwa Goma na Sake, wakiwamo wanajeshi wetu, vikajikuta vimebanwa kambini. Uamuzi wa kukomesha ujumbe huo ulipitishwa na wakuu wa nchi tarehe 13 Machi 2025. Kwa msomaji wa historia ya Mombasa tarehe hiyo inashtua, ingawa ni sadfa tu.

La watu wa nje ya ukuta lina upande wake wa pili, na ndio unaonigusa mimi kama mwalimu wa lugha. Mwezi wa Julai 2022, huko Goma na Butembo, wananchi waliokata tamaa walivamia kambi za Umoja wa Mataifa wakitaka walinda amani waondoke, na watu wakafa pande zote mbili. Hayo ni 1729, si 1696. Askari wa Tanzania anapokwenda Kivu, au alipokwenda Cabo Delgado kati ya 2021 na 2024, anabeba silaha ambayo majeshi mengine hulazimika kuikodi: anasema lugha inayoeleweka sokoni. Anaweza kumsalimu mama muuza ndizi bila ya mkalimani, akaambiwa ni njia ipi haijapitwa na mtu tangu juzi. Lakini lugha hiyo hiyo inaweza kutumika kumfokea mama huyo. Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya SADC mwaka 2019, nasi tukapiga makofi. Ningependa kuona katika vyuo vyetu vya kijeshi somo la namna ya kuzungumza na raia wa Kivu kwa Kiswahili chao, chenye msamiati na adabu tofauti na vyetu, likipewa saa zake kama zinavyopewa shabaha.

Na raia wenyewe. Wale 2,500 walioingia ngomeni mwaka 1696 hawakuhesabiwa na upande wowote ila kama midomo ya kulishwa au mikono ya kupigana. Itifaki za Nyongeza za 1977 katika Mikataba ya Geneva zimekataza kuwaua raia kwa njaa kuwa ni mbinu ya vita, na Baraza la Usalama likalikariri hilo kwa Azimio namba 2417 la mwaka 2018. Hata hivyo el-Fasher, huko Sudan, ilihusuriwa tangu 2024 mpaka ikaanguka mwezi wa Oktoba 2025, na watu wake walikula chakula cha mifugo. Sheria imeandikwa, anayeitekeleza ni ofisa kijana aliyesimama kwenye kizuizi cha barabara, na gari la unga mbele yake.

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na naona wanafunzi wa mwaka wa tatu wamekwisha kuinua mikono. Nina ombi moja kwao kabla ya maswali. Barua zilizoko Goa zinataka wasomaji wanaojua hati ya Kiarabu, Kiswahili cha zamani na Kireno kwa pamoja. Idara yetu inaweza kufundisha mawili ya mwanzo. Kireno kinasomwa ng'ambo ya mto Ruvuma, kwa jirani zetu wa Msumbiji, ambao baadhi yao ni wasemaji wa Kimwani na wamekwisha kuijua nusu ya njia. Atakayejitolea aandike jina lake kwa katibu, mlangoni, kabla hajaondoka.